Makala ya Maelezo: Kutunza Ukoka Uliotandazwa Karibuni

Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili, swali la lazima huweza kumtaka mtahiniwa aandike maelekezo ya kufanya jambo fulani. Wengi hulifurahia swali la aina hii kwa kuwa halihitaji kisa kirefu wala methali. Huandika: fanya hivi, kisha fanya vile, usifanye hivi. Mtahini naye husoma ukurasa mzima wa amri bila kukutana na sababu hata moja, na alama za maudhui hupungua. Maelekezo mazuri hueleza. Anayeyasoma anapaswa kuelewa kinachoendelea, ili hali ikibadilika ajue la kufanya bila kurudi kukuuliza.

Makala yanayofuata yameandikwa kwa nia hiyo. Mada ni ukoka mpya, yaani nyasi zilizoletwa zikiwa zimekwisha kukua na kutandazwa mahali. Huenda umeona kazi hiyo ikifanywa mbele ya afisi ya mwalimu mkuu, na huenda umeona pia nyasi hizo zikigeuka manjano mwezi uliofuata. Soma mara ya kwanza ili uelewe. Mara ya pili, piga mstari chini ya kila sababu inayotolewa. Maswali yako mwishoni.

BAMBA LA UKOKA

Ukoka ni nyasi fupi zinazotambaa. Nchini Kenya huoteshwa kwa njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kuchomeka vipande vya vikonyo ardhini kimoja kimoja, kwa mistari, kisha kungoja miezi kadhaa hadi vikutane na kuufunika udongo. Njia hii ina gharama nafuu. Ya pili ni kununua ukoka uliokomaa. Muuzaji huukata shambani mwake pamoja na udongo wa unene wa sentimita mbili hivi, ukatoka kama kipande cha zulia. Kipande hicho ndicho tutakachokiita bamba. Mabamba hupakiwa kwenye lori, huletwa na kupangwa chini, na kufikia jioni palipokuwa na vumbi pana uwanja wa kijani.

Rangi hiyo ya kijani ndiyo huwadanganya watu. Nyasi iliyokomaa huwa na mizizi inayoshuka sentimita 30 au zaidi. Sepetu ikipita sentimita mbili tu chini ya uso wa ardhi, sehemu kubwa ya mizizi hiyo hubaki shambani kwa muuzaji. Kinachofika shuleni ni majani yote na mizizi kidogo sana. Majani huendelea na kazi yake kama jana: hupokea mwanga wa jua, hutengeneza chakula, na hutoa mvuke wa maji kupitia vitundu vidogo ambavyo katika somo la Biolojia mnaviita stomata. Maji yanayotoka hayajapungua. Yanayoweza kuingia ndiyo yamepungua, kwa kuwa mizizi ya kuyavuta haipo. Siku ya kwanza huoni chochote. Siku ya tatu ya jua kali, ikiwa hakuna aliyefanya lolote, ukoka huo umekwisha kukauka.

Kwa hivyo kazi ya mtunzaji katika wiki sita za kwanza ni moja: kuuweka ukoka hai mpaka uote mizizi mipya na kuingia katika udongo wa chini. Kila sharti utakalolisoma hapa, liwe la maji, la miguu, la kukata au la mbolea, hutokana na upungufu huo wa mizizi. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri orodha.

Aina ya nyasi nayo ina uzito wake. Katika nyanda za juu inayotumika sana ni nyasi ya Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na sasa imeenea hadi Afrika Kusini, Australia na California. Hutambaa kwa vikonyo vya juu ya ardhi na vya chini ya ardhi, ndiyo maana hupona upesi inapojeruhiwa. Ndiyo maana pia serikali ya Marekani imeiweka katika orodha ya magugu hatari. (Mkulima wa Limuru aliyewahi kuing'oa katikati ya viazi hatashangaa.) Haipendi kivuli kizito: chini ya mti wenye matawi mengi hufifia hata ikitunzwa vipi. Pwani, ambako maji ya visima vingi huwa na chumvi, nyasi ya pasipalamu ya ufuoni hustahimili zaidi.

KABLA YA LORI KUFIKA

Mabamba hayangoji. Nyasi iliyokunjwa na kurundikwa huendelea kupumua, na katika kupumua hutoa joto. Tia mkono katikati ya rundo lililolala usiku mmoja na utalihisi. Majani ya ndani hugeuka manjano, kisha huoza. Udongo basi uwe tayari kabla ya lori kuingia langoni, na mabamba yatandazwe siku hiyo hiyo.

Kutayarisha udongo ni kuulima kina cha sentimita 15 hivi, kuondoa mawe na mizizi ya magugu, kuchanganya samadi iliyooza vizuri, kusawazisha kwa reki na kuushindilia kidogo. Usawa si wa urembo pekee. Palipo na shimo chini ya bamba pana hewa, na mzizi mchanga ukikutana na hewa badala ya udongo hukauka. Mabamba hupangwa kama fundi anavyopanga matofali, yaani maungio ya mstari mmoja yasilingane na ya mstari unaofuata. Kingo zigusane bila kupandana, na nafasi ndogo zinazobaki zijazwe mchanganyiko wa udongo na mchanga. Kingo ndizo hukauka kwanza kwa sababu zinapoteza maji kutoka juu na kutoka ubavuni.

MAJI

Hapa ndipo ukoka mwingi hufia, na mara nyingi hufia mikononi mwa watu wanaoumwagilia kila siku.

Maji ya kwanza hutolewa mara moja. Usingoje kumaliza uwanja mzima. Sehemu iliyokwisha kutandazwa imwagiliwe huku nyingine ikiendelea kupangwa, hasa ikiwa jua limepanda. Maji hayo yapite kwenye bamba na kulowesha udongo wa chini hadi sentimita 10 hivi, kwa kuwa huko chini ndiko tunakotaka mizizi iende. Mzizi hauwezi kukua ndani ya udongo mkavu.

Utajuaje kwamba yamefika? Inua kona ya bamba moja. Udongo ulio chini yake ukiwa mkavu, hujamwagilia, hata kama majani juu yanametameta. Kosa la kawaida ni la mwanafunzi wa zamu anayeshika mpira wa maji kwa dakika tano jioni, akarusha matone hapa na pale hadi nyasi zikang'aa, kisha akaenda prepu. Ameosha majani. Maji yenyewe yaliishia katika sentimita moja ya juu na kesho saa nne yatakuwa yamegeuka mvuke.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii huwashtua wengi. Milimita moja ya maji juu ya mita mraba moja ni lita moja. Chukua uwanja wa mita 10 kwa mita 8, yaani mita mraba 80. Kuuloweshea siku ya kwanza kwa milimita 20 ni lita 1,600, au mitungi 80 ya lita 20. Siku zinazofuata, ukiutilia milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, ni lita 400, sawa na mitungi 20 kila siku. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, siku ya kwanza pamoja na nyingine 13, umetumia lita 6,800. Tangi la lita 5,000 halitoshi. Shule inayopata maji ya mgao mara mbili kwa wiki inafaa kuifanya hesabu hii kabla ya kulipia lori, si baada ya hapo. Ikiwa maji hayapo, ni afadhali kutandaza mita mraba 30 zikaishi kuliko 80 zikafa.

Njia ya kupunguza mzigo huo ni kuchagua msimu. Ukoka ukitandazwa mvua za masika zinapoanza, Machi au Aprili, au mwanzoni mwa vuli mnamo Oktoba, sehemu ya kazi hufanywa na mawingu. Hata hivyo usiiamini mvua kwa macho. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka katikati ya uwanja na upime kwa rula maji yaliyoingia. Manyunyu ya milimita mbili huwafanya watu wafunge bomba na kutulia, ilhali chini ya bamba ni pakavu.

Katika wiki mbili za kwanza mwagilia kila siku, na siku za joto kali mara mbili. Bamba ni jembamba, halina akiba ya maji, na mizizi bado haijafika mahali penye akiba. Kuanzia wiki ya tatu, geuza mtindo: punguza idadi ya siku lakini ongeza kiasi cha kila mara. Badala ya milimita 5 kila siku, toa milimita 12 au 15 baada ya kila siku mbili au tatu. Wanafunzi wengi hulikosea jambo hili wanapoulizwa, kwa kuwa linaonekana kama ubahili. Sababu yake ni kwamba mizizi hukua mahali palipo na unyevu. Uso wa udongo ukiwa mbichi kila siku, mizizi itabaki papo hapo juu. Uso ukikauka kidogo huku chini kukiwa na unyevu, mizizi hushuka, na nyasi yenye mizizi mirefu haiishi kwa kutegemea mpira wako.

Maji yakizidi pia ni hatari. Mizizi huhitaji oksijeni, na udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa. Ukibonyeza bamba kwa kiganja na maji yakafoka pembeni, pumzika siku moja. Ukilisukuma likateleza kama sabuni, pumzika siku mbili.

Saa nzuri ni alfajiri na asubuhi. Adhuhuri maji mengi hupotea kwa mvuke kabla hayajazama. Jioni huzama vizuri, lakini majani hulala yamelowa usiku kucha na kuvu hupenda hali hiyo. Lakini ukikuta saa nane mchana ukoka umenyauka, usingoje alfajiri kwa ajili ya kufuata kitabu. Mwagilia. Nyasi iliyokufa haipati kuvu.

Dalili za kiu hutangulia manjano. Kwanza rangi hupoteza ung'avu na kuelekea kijivu. Kisha majani hujikunja, na mtu akipita nyayo zake hubaki zimechoreka, kwa kuwa majani hayana maji ya kuyainua tena. Mwisho mabamba hunywea na mianya hutokea kwenye maungio. Ukiona hatua ya kwanza, unao muda. Ukiona ya tatu, okoa utakachoweza.

MIGUU

Niliwahi kufundisha katika shule moja ambayo bodi yake ilitaka uwanja mpya kabla ya siku ya wazazi. Mabamba yalitandazwa Jumatatu. Ijumaa ya wiki ya pili mahema yakasimikwa juu yake, viti vikapangwa, na watu mia kadhaa wakaketi hapo kutwa nzima. Siku yenyewe ilifana na picha zilipendeza. Wiki mbili baadaye ukoka ulikuwa na miraba ya manjano palipokuwa na mahema, na vishimo visivyohesabika kila mahali miguu ya viti iliposimama. Aliyelaumiwa ni mtunza bustani. Alikuwa ameuliza, mapema kabisa, kama sherehe ingeweza kufanyika kando ya bwalo.

Tuangalie kilichotokea chini ya viti hivyo. Kufikia siku ya kumi na mbili, mizizi mipya ilikuwa imeanza kutoka chini ya bamba, meupe na membamba kama nyuzi. Mtu akikanyaga na kugeuka, bamba husogea kidogo, labda milimita chache tu. Hizo zinatosha kuikata mizizi hiyo, na nyasi hurudi mwanzo kama siku ya kwanza ilipoletwa. Isitoshe, udongo uliolowa hushindiliwa kwa urahisi. Nafasi za hewa hufungwa, maji hayashuki, na mizizi hupata tabu kupenya. Hema liliongeza la tatu, yaani kuukatia ukoka mwanga.

Kwa hivyo watu wasipite juu ya ukoka kwa wiki tatu hadi nne, na michezo ingoje zaidi, angalau wiki sita. Ikibidi kuingia, kwa mfano kung'oa magugu, laza ubao na ukanyage juu yake ili uzito usambae. Kamba na kibao cha maandishi husaidia, lakini ninavyowajua wanafunzi, njia ya mkato kuelekea bwaloni ina nguvu kuliko kibao chochote. Ni busara kuacha njia halisi ya mawe mahali ambapo watu watapita tu.

KUKATA

Swali la kwanza ni lini, na jibu hutoka kwenye ukoka wenyewe, si kwenye kalenda. Shika majani kwa vidole na uvute juu taratibu. Bamba likiinuka, mizizi haijashika. Likikataa, mizizi imeingia ardhini na unaweza kukata. Kwa kawaida hili hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne, na nyanda za baridi huchelewa zaidi.

Swali la pili ni kiasi gani. Usiondoe zaidi ya thuluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ikiwa unataka ukoka wa sentimita 4, ukate unapofika sentimita 6. Ukiuacha ufike 12 kisha uushushe hadi 4 kwa mkupuo, umeondoa thuluthi mbili za majani, na majani ndiyo jiko linalopika chakula cha mizizi inayojengwa. Nyasi itatumia akiba yake kuotesha majani upya, na ukuaji wa mizizi utasimama. Ukoka unaokatwa mfupi mno pia huacha udongo wazi, jua likapiga moja kwa moja na magugu yakapata mwanga wa kuchipukia.

Makali ya kifaa yana maana kubwa. Mashine au fyekeo butu huchana majani badala ya kuyakata, na ncha zilizochanika hukauka zikawa kahawia. Kwa ukoka mchanga, fyekeo butu lina ubaya wa pili: linapogonga linavuta. Noa kwanza. Kata nyasi zikiwa kavu, na mara hii ya kwanza ondoa majani yaliyokatwa yasije yakafunika machipukizi.

MBOLEA

Watu wakiona ukoka umepoteza rangi, wazo la kwanza ni mbolea. Mara nyingi ni wazo baya. Ukoka mpya unaogeuka manjano katika wiki mbili za kwanza kwa kawaida una kiu au umelowa kupita kiasi, na mbolea ya chumvichumvi haitatui lolote kati ya hayo mawili.

Mliosoma osmosisi mtaelewa upesi. Maji huingia kwenye mzizi kwa sababu maji ya ndani ya mzizi yana chumvi nyingi kuliko maji ya udongo. Ukimwaga mbolea nyingi juu ya mizizi michache, maji ya udongo huwa na chumvi nyingi kuliko ya ndani, na mwendo hugeuka: maji hutoka kwenye mzizi. Nyasi hukauka ikiwa imesimama ndani ya udongo wenye unyevu. Wakulima husema mbolea imeichoma.

Mbolea yenye fosforasi, kama vile DAP, ina nafasi yake, lakini ni kabla ya kutandaza, ikichanganywa vizuri na udongo wa chini ambako mizizi itaikuta kidogo kidogo. Fosforasi husaidia mizizi kukua. Mbolea ya naitrojeni kama CAN, inayohimiza majani, ingoje wiki ya sita hivi. Hata hapo, gramu 15 kwa kila mita mraba zinatosha. Kwa uwanja wetu wa mita mraba 80 hiyo ni kilo 1.2. Itawanywe juu ya majani makavu na kumwagiliwa mara moja ili chembe zisikae juu ya majani.

MAGUGU NA WADUDU

Magugu hung'olewa kwa mkono yakiwa madogo, huku mkono wa pili ukilishikilia bamba chini lisiinuke. Ndago ni sugu kwa sababu ina viazi vidogo chini ya ardhi: ukikata shina tu, huchipuka upya. Dawa ya kuua magugu isitumiwe kabla ukoka haujashika vizuri, kwa kuwa mmea dhaifu huathirika hata na dawa isiyokusudiwa kuuua.

Kwa wadudu, mchwa na viwavijeshi ndio wa kuangaliwa. Viwavijeshi hula nyasi kwa kasi ya ajabu, na ndege wengi wakianza kutua na kudonoa mahali pamoja ni vyema ukapige magoti uchunguze. Mchwa hupenda mabaki makavu, kwa hivyo bamba lililokufa liondolewe na nafasi yake ijazwe badala ya kuachwa hapo likiwaalika.

MAJIBU MAWILI

Sasa turudi kwenye mtihani. Chukua swali hili: Eleza kwa nini ukoka uliotandazwa karibuni haupaswi kukanyagwa. (alama 4)

Mtahiniwa wa kwanza ameandika: "Ukoka haupaswi kukanyagwa kwa sababu utaharibika. Pia hautapendeza machoni pa wageni. Wanafunzi wanafaa kuwa na nidhamu na kutumia njia iliyowekwa."

Wa pili ameandika: "Mabamba hukatwa yakapoteza sehemu kubwa ya mizizi. Mizizi mipya ikiwa bado myembamba, hatua za watu huyasogeza mabamba na kuikata. Aidha, udongo uliolowa hushindiliwa, hewa na maji yakakosa nafasi ya kupita, hivyo mizizi ikashindwa kupenya."

Jibu la kwanza lina sarufi safi, na sentensi zake zote ni za kweli. Tatizo ni kwamba "utaharibika" ni kurudia swali kwa neno jingine, na sentensi ya tatu ni amri ambayo haikuulizwa. La pili linaonyesha sababu na matokeo: mizizi imekatwa, kwa hivyo bamba halijashikwa, kwa hivyo husogea, kwa hivyo mizizi mipya hukatika. Kisha linaongeza hoja tofauti ya udongo. Ukitaka kujua kama umeeleza au umetaja tu, jiulize "kwa nini?" baada ya kila sentensi uliyoandika. Ikiwa sentensi inayofuata haijibu, bado una kazi.

MASWALI

1. Taja njia mbili za kuotesha ukoka zilizotajwa katika makala. (alama 2)

2. "Rangi hiyo ya kijani ndiyo huwadanganya watu." Eleza udanganyifu unaorejelewa. (alama 3)

3. Mwanafunzi wa zamu alimwagilia ukoka kila jioni kwa wiki mbili, lakini ukakauka. Kwa kurejelea makala, eleza sababu mbili zinazoweza kuwa zilisababisha hali hiyo, na namna ambavyo angeitambua mapema. (alama 5)

4. Shule ina tangi la lita 5,000 na haitarajii mvua wala maji ya mgao kwa wiki mbili. Kwa kutumia vipimo vilivyotolewa, kadiria ukubwa wa ukoka unaoweza kutandazwa. Onyesha hesabu yako. (alama 3)

5. Kwa nini mtunzaji hupunguza siku za kumwagilia kuanzia wiki ya tatu ilhali huongeza kiasi cha maji? (alama 3)

6. Kwa maneno yasiyozidi 60, fupisha yaliyosemwa kuhusu mbolea. (alama 6)

7. Mwandishi anatoa kisa cha siku ya wazazi. Kisa hicho kinaonyesha nini kuhusu lawama kazini? Thibitisha kutoka kwenye makala. (alama 2)

8. Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika: (alama 3)
(a) yakafoka
(b) kwa mkupuo
(c) sugu

9. Mwalimu mkuu amekuteua kuwa msimamizi wa ukoka mpya wa shule yenu, utakaotandazwa wiki mbili kabla ya likizo ya Aprili. Andika maelekezo utakayomwachia mtunza bustani ambaye atabaki shuleni wakati wa likizo. Kumbuka kwamba hatakuwa na mtu wa kumuuliza. (alama 20)